Lidia Anarudishwa Ziwani

Pale Namswea hapakuwa na mtu asiyejua kwamba Lidia, mke wa mzee Egidi, siku moja angerudi ziwani. Alikuwa akisema mwenyewe. Alisema shambani, alisema jikoni, alisema akitoka kanisani, na Avelina, binti yake wa mwisho, anadai kwamba mama yake alisema hivyo hata siku ya kumzaa yeye, wakunga wakacheka hadi wakasahau maji jikoni. Sisi majirani tulilizoea neno hilo kama tulivyouzoea ukungu wa mwezi wa sita. Linakuja, linakaa kidogo, linaondoka, na Lidia yuko palepale.

Alizaliwa Kihagara, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, kwa wazazi Waanglikana waliokuwa wakivua na kulima muhogo. Alipokuwa msichana alipanda milimani pamoja na shangazi yake, wamejitwika usipa mkavu, wale dagaa wa Nyasa, waje kubadilishana na maharage ya Wamatengo. Mvua ikawakamata Namswea. Wakaomba hifadhi kwa wazazi wa Egidi na kukaa pale mpaka mito ilipopungua. Egidi hakuwa msemaji. Alichofanya ni kuuanika usipa wao juu ya moto usioze, akiugeuza kwa mikono yake huku uso ameuelekeza pembeni, maana harufu ya samaki ilikuwa ikimtapisha. Walipoondoka aliwasindikiza hadi mteremko unapoanza, akibeba mzigo wa Lidia na kumwachia shangazi abebe wake mwenyewe. Mwaka huohuo aliteremka Kihagara mara kadhaa, akidai anatafuta samaki wa kununua. Shangazi ndiye aliyegundua kwamba samaki wenyewe alikuwa akiwagawa njiani.

Baba yake Lidia hakufurahi binti yake kuolewa na Mkatoliki, tena mlimani kwenye baridi. Lidia alikwenda hivyohivyo. Akafundishwa dini upya na katekista, akafunga ndoa, na mwezi wa sita wa kwanza ukamkuta shambani na mama mkwe wake akifundishwa kuchimba ngoro, yale mashimo ya Wamatengo yanayozuia maji yasibebe udongo wa mlima. Za kwake zilibomoka. Mama mkwe akazifumua zote mbele ya wanawake wengine, akamwambia aanze tena. Lidia akasimama, vidole vimekufa ganzi, akasema kwa sauti, "Mimi nitarudi ziwani."

Wakati ule alimaanisha. Alifunga kanga zake, akashika njia. Egidi alimfuata hadi kwenye mteremko, akampokea mzigo, akageuka nao kuelekea nyumbani bila kusema kitu. Lidia akasimama pale peke yake kwa muda, halafu akamfuata.

Miaka iliyofuata Egidi alijifunza maneno machache ya kumjibu. Akisema atarudi ziwani, Egidi husema, "Subiri tuvune kwanza." Akisema tena, "Subiri mtoto atembee." Watoto wakazaliwa, wanne wa kiume na Avelina. Katika michezo yao ya kuigiza nyumba, anayekuwa mama lazima ashike kiuno na kutangaza kwamba anarudi ziwani, na anayekuwa baba lazima amwambie asubiri. Lidia aliteremka kweli mara mbili tatu, kumzika baba yake, kisha mama yake, kisha kaka yake Allen. Baada ya Allen hakwenda tena. Ngoro zake zilikuwa zimekuwa nzuri kuliko za wote, na wasichana walioolewa karibuni Namswea waliletwa kwake wafundishwe. Hata kwao, katikati ya kufundisha, alikuwa akisema.

Mtoto wake wa kwanza, Placidi, alisoma, akawa karani wa chama cha ushirika. Kisha serikali ikafungua milango ya biashara. Makampuni ya watu binafsi yakaruhusiwa kuja kununua kahawa kwa wakulima, na kampuni moja ya kutoka Moshi ikamchukua Placidi awe wakala wake huku kwetu. Alijua kila shamba na kila mwenye shamba. Miaka ile bei ya kahawa ilipanda kwa namna ambayo wazee wetu hawakuwahi kuiona. Watu walinunua vitanda vya chuma kabla hawajajenga vyumba vya kuviweka. Placidi akapata pikapu, akajenga Mbinga mjini, akaoa.

Ndipo ukaingia mtindo. Watoto waliofanikiwa walianza kuwauliza wazazi wao, una haja gani ya maisha ambayo hukuipata? Othmar wa ng'ambo ya mto alimpeleka baba yake Songea akaone ndege inavyotua, na mzee yule alirudi akiwa hazungumzi jambo jingine mwaka mzima. Mwingine alimpandisha mama yake meli ya ziwani, kwenda na kurudi, bila shughuli yoyote, ili tu aseme amepanda. Paroko alilisifu jambo hili kanisani. Watu wakaanza kulinganisha nani kamfanyia nini mzazi wake.

Placidi hakutaka kuachwa nyuma, lakini tusimwonee, alimpenda mama yake. Siku ya Noeli aliwakusanya ndugu zake wote Namswea, akachinja mbuzi, na baada ya kula akasimama uani.

"Baba," akasema, "sisi watoto wenu tumejaliwa. Tunataka kila mmoja wenu atuambie haja yake ya maisha, nasi tutaitimiza. Anza wewe."

Egidi alikuwa akimenya hindi. "Mimi sina haja," akasema.

"Hakuna mtu asiye na haja, baba."

"Basi yangu ni hii kahawa isiingie wadudu."

Watu wakacheka. Placidi akamgeukia mama yake, naye kabla hajafungua mdomo, watoto wote wanne wa kiume wakasema kwa pamoja, kama katika ule mchezo wao wa zamani, "Nitarudi ziwani." Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Wajukuu walipiga makofi. Placidi akasema, "Ya mama haina haja ya kuulizwa. Tumezaliwa tukiisikia. Mama, mwaka ujao utakuwa na nyumba yako Kihagara, mlango unaangalia maji."

Avelina alikuwa amekaa mkekani karibu na mama yake. Ananiambia kwamba Lidia hakumtazama Placidi hata kidogo. Alimtazama Egidi. Alimtazama kama mtu anayesubiri mwenzake apokee mzigo. Uani pote palikuwa na furaha, na wote wakangoja mzee aseme neno.

Egidi akaendelea kumenya hindi lake. "Amesema tangu sijaota mvi," akasema. "Mpeni."

Basi Lidia akasema, "Asante, wanangu."

Nyumba ilijengwa kiangazi kimoja, ya matofali ya kuchoma na bati, sakafu ya saruji na baraza pana. Siku ya kuondoka tulimsindikiza wote hadi barabarani, kwaya ikiimba. Placidi alikuwa amemtengea baba yake nafasi mbele ya pikapu, akidhani kwamba bila shaka watakwenda wote, lakini Egidi akasema kahawa imeiva na mtu hawezi kuiacha. Kwamba wazee hawa wawili watatenganishwa halikuwa jambo ambalo mtu alikuwa amelipanga. Lilitokea pale barabarani, huku injini inanguruma na watu wanaimba, na hakuna aliyejua namna ya kulisimamisha. Lidia alimwambia mumewe, "Chumvi iko kwenye kopo la juu." Egidi akajibu kwamba anajua. Gari likaondoka.

Kule Kihagara walimpokea vizuri. Aidan, mtoto wa marehemu Allen, alikuwa amekabidhiwa kumwangalia shangazi yake, na mkewe Benadetha ndiye aliyekuwa akimpikia. Watu wa kijiji walikuja kusalimia. Lakini kati yao hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kucheza naye utotoni. Wengine walikuwa wamekufa, wengine wamevuka kwenda Malawi na hawakurudi. Alipofungua mdomo kuzungumza Kinyasa, maneno yalitoka na lafudhi ya Kimatengo, wanawake wakafunika midomo wasicheke mbele ya mtu mzima. Baada ya wiki chache alisikia watoto wakielekezana njia: pita pale kwa bibi Mmatengo. Mlimani alikuwa ameitwa Mnyasa maisha yake yote.

Joto lilimsumbua. Bati lilipopata jua, nyumba ile nzuri haikukalika, na Lidia alihama na kigoda chake kutoka ukuta mmoja kwenda mwingine akifuata kivuli. Alikuwa akiamka kabla ya jua, kwa mazoea ya kuwasha moto na kukoroga uji wa Egidi, anakaa kitandani, anakumbuka kwamba hakuna wa kukorogewa. Akamwomba Aidan jembe.

"Shangazi, Placidi alituambia usiguse jembe," Aidan akasema.

"Placidi yuko Mbinga."

"Maneno yanafika Mbinga. Atasema tunakula chakula anacholeta, na bado tunakulimisha."

Basi akaomba walau ateremke kuoga ziwani. Benadetha akakataa kwa upole. Mwaka ule mamba alikuwa amemkamata mwanamke mahali mto unapoingia ziwani, na Placidi alikuwa ameagiza kwamba mama asisogelee maji. Maji alichotewa na kuletewa bafuni kwenye beseni. Lidia aliishi hatua chache kutoka ziwani akioga kwenye beseni, akitazama mawimbi kupitia matundu ya ukuta wa bafu.

Jumapili ya kwanza alisikia kengele ya kanisa alilobatizwa. Akaenda, akakaa nyuma. Nyimbo alizikumbuka. Lakini watu walipoinuka kwenda kupokea komunyo, yeye akabaki kwenye benchi peke yake, maana alikuwa Mkatoliki sasa, na alihisi wote wanamwona. Kigango cha Wakatoliki kilikuwa mbali, na Aidan hakutaka atembee. Tangu hapo Jumapili alisali barazani.

Placidi alikuja kila mara alipopata nafasi, na mara nyingi hakuja peke yake. Aliwaleta wakubwa wa kampuni yake, aliwaleta marafiki, siku moja akamleta hata paroko. Aliwatembeza chumba kwa chumba, kisha akawaketisha barazani.

"Mama, waambie wageni unavyojisikia."

"Nashukuru," Lidia husema. "Mwanangu ameniletea ziwa mlangoni."

Wageni wanatikisa vichwa kwa kuguswa. Mmoja alilia. Placidi anakuwa na uso ule aliokuwa nao utotoni akileta matokeo ya mtihani, na Lidia kila akiuona uso ule anajua mlango umefungwa kwa komeo jingine. Kijana amemaliza kahawa ya mwaka mzima katika kuta hizi. Ndugu zake wamechangia. Ametajwa kanisani. Atamwambiaje kwamba amechukua neno la hasira na la uchovu, neno la mwanamke anayechimba ngoro kwenye baridi, akalijengea msingi na kulipaua bati?

Alijaribu mara moja. Ilikuwa msimu wa kuchuma, na Placidi alikuwa amekuja peke yake.

"Nafikiri nipande kidogo mlimani," akasema. "Nisaidie kahawa, halafu nirudi."

Placidi akacheka, akamshika mkono. "Mama, umechuma vya kutosha. Sasa pumzika. Wewe huwezi hata kupata haja yako bila kutuonea huruma sisi."

"Na baba yenu anakula nini?"

"Anakula, mama. Wake zetu wanampikia kwa zamu. Hana shida."

"Hajasema kitu?"

"Baba unamjua. Hasemi."

Hilo la kwamba hasemi ndilo lililomkalia moyoni. Alikuwa amesubiri uani siku ya Noeli, akasubiri barabarani, na sasa anasubiri barazani, na mtu yule hasemi. Akaanza kuamini kwamba pengine Egidi kweli alikuwa amechoka naye. Miaka yote hiyo ya kutishiwa kuachwa, mtu si anaweza kufika mahali akasema, basi nenda. Akiwaza hivyo, chakula kilimshinda. Benadetha akamtumia Placidi habari kwamba mama amepungua. Placidi akaleta dawa za malaria na chandarua kipya.

Sasa, pale Kihagara alikuwepo mjane mmoja aitwaye Getrude, mchuuzi wa usipa. Njia ya wanawake wa zamani ya kupanda kwa miguu alikuwa ameiacha. Yeye alipanda lori na magunia yake, akauza Mbinga sokoni na kuzungukia vijiji, Namswea kikiwamo, kisha akashuka na mahindi na maharage. Lidia alikuwa amemwomba apite kumsalimia mzee Egidi. Siku moja Getrude akaja barazani, ametoka safari.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umepita?"

"Nimepita. Nilimkuta anapogoa kahawa. Hajambo."

"Amesema nini?"

"Ameniuliza kama ziwa limechafuka siku hizi. Nikamwambia upepo wa mwera umevuma wiki nzima. Akauliza kama maji yanafika kwenye nyumba. Nikamwambia hayafiki."

"Basi?"

"Basi. Akanunua usipa." Getrude alikuwa akifungua kitambaa chake cha kichwa, amechoka, hakuwa akimtazama. "Mzee yule ni mteja wangu hasa. Kila nikipita lazima anunue, na hataki kidogo, anataka kopo zima la sado. Nikimaliza kupima, ananiuliza habari za huku. Siku nyingine nikiwa sina usipa hupita mbali, namwonea haya, maana atasimama pale hana la kununua."

Lidia akasogeza kigoda chake karibu. "Anaupeleka wapi?" akauliza.

"Usipa? Si anakula."

"Egidi hali samaki," Lidia akasema. "Hajawahi kula samaki tangu azaliwe."

Getrude akasimamisha mikono. Wale wanawake wawili wakatazamana. Kisha Lidia akauliza lori linaondoka lini.

Liliondoka asubuhi ya siku ya tatu. Lidia alimwambia Benadetha kwamba anakwenda kigangoni kusali, na kwa sababu hakuwa mtu wa kusema uongo, Benadetha akaamini. Alivaa gauni lake la Jumapili, akajifunga kanga juu, akachukua kifurushi kidogo. Vyombo na godoro na chandarua kipya akaviacha kama vilivyo. Dereva hakutaka kumpakia mama wa Placidi bila Placidi kujua, maana alikuwa akimbebea kahawa. Getrude akamwambia, "Huyu ni shangazi yangu, mpakie," na dereva, ambaye alijua si kweli, akatazama pembeni.

Mvua za mwaka ule ziliharibu barabara vibaya. Kwenye mpando lori lilizama, wanaume wakashuka kukata matawi na kuyatupia chini ya magurudumu, na Lidia, aliyekuwa ameketi juu ya magunia ya usipa, akakataa kushuka. Getrude anasema aliogopa kwamba wakimshusha, watamwambia arudi. Aliyashika magunia kwa mikono miwili wakati lori linayumba kuelekea bondeni, akawa anasali rozari, macho wazi. Walipofika juu, ubaridi ukampiga usoni, akaanza kutetemeka. Getrude alitaka kumfunika, akakataa. Alisema acha.

Kutoka alipoteremshwa hadi nyumbani alitembea. Ilikuwa alasiri. Mimi nilikuwa naanika mahindi, nikamwona akipita njia ya juu, nikadhani nimemfananisha. Niliita, "Mama Placidi, shikamoo," akaitika bila kusimama.

Egidi alikuwa ameketi mbele ya nyumba akirekebisha mpini wa jembe. Alimwona tangu mbali. Hakuinuka. Yaliyosemwa pale Avelina alikuja kuyapata kwa mama yake baadaye, kidogo kidogo.

"Umekuja kutembea?" Egidi akauliza.

"Nimekuja."

"Utarudi lini?"

Lidia akaketi kwenye kizingiti, akanyoosha miguu. "Ule usipa umeuweka wapi?"

Mzee akainamia mpini wake. "Nawapa kuku," akasema.

"Kwa nini hukunizuia, Baba Placidi?"

"Ningekuzuiaje? Kila mwaka ulikuwa unasema. Nilikwambia subiri, ukasubiri. Subiri, ukasubiri. Siku ile nikaona, nikimwambia subiri na mara hii, atakufa anasubiri, na mimi ndiye nitakuwa nimemfunga."

"Nilikuwa nasema tu."

"Miaka yote hiyo?"

"Mwanzoni sikuwa nasema tu. Baadaye ndiyo nilikuwa nasema tu."

"Baadaye lini?"

Lidia akafikiri. "Sijui. Labda tangu Avelina."

Egidi akaweka jembe chini. Avelina alikuwa mtu mzima mwenye watoto, mwalimu kule Songea. "Ungeniambia," akasema. Kisha akaingia ndani kuwasha moto, na Lidia akamfuata, kwa sababu mzee yule hakuwahi kujua kuwasha moto bila kujaza nyumba moshi.

Lakini bado alikuwepo Placidi wa kuambiwa. Habari zilimfikia Mbinga, na kesho yake pikapu ikasikika ikipanda. Lidia alikuwa jikoni. Akatoka, uso umembadilika, akamwambia mumewe, "Nitamwambia nini? Nikimwambia sikuitaka nyumba ile, nitamuua." Egidi akasikiliza mlio wa gari. Halafu akafanya jambo ambalo hakuna mtu Namswea angelitarajia kwake. Akaingia chumbani, akajilaza, akajifunika blanketi hadi kidevuni.

Placidi aliingia akihema. "Mama, kumetokea nini? Aidan kakukosea?"

"Baba yako," Lidia akasema. "Baba yako anaumwa."

Sauti ya Egidi ikatoka chumbani, dhaifu. "Mimi ndiye niliyemwita. Nilituma mtu."

Placidi akaketi kitandani kwa baba yake, machozi yakamlengalenga. Alilaumu wake za ndugu zake, akajilaumu mwenyewe. Akamwambia mama yake, "Umeacha haja yako kwa ajili ya baba. Mungu anakuona." Lidia akatazama sakafu. Neno la kweli lilikuwa palepale mdomoni, na sasa, badala ya kutoka, likawa limewekewa uongo juu yake.

Placidi hakuwa mtoto wa kumwacha baba yake alale na ugonjwa. Alimpakia kesho yake hadi hospitali ya misheni. Egidi alikwenda akiwa anaona haya, akijua wataambiwa hana kitu. Daktari akasikiliza kifua chake muda mrefu, akampima tena, akamwambia Placidi kwamba moyo wa mzee umechoka, na kwamba pengine umechoka siku nyingi. Asibebe mizigo. Asipande milima.

Walirudi Namswea. Lidia anasema alipoambiwa, jambo la kwanza alilofikiri ni kwamba wamejitakia wenyewe kwa ule uongo. Egidi alimcheka. Aliishi misimu miwili zaidi ya kahawa, akikaa uani na kuelekeza vijana matawi ya kukata, na Lidia hakuondoka pale hata kwenda msibani mbali. Kila Placidi alipokuja alimwahidi mama yake kwamba nyumba ya Kihagara iko salama, Aidan anaipaka chokaa, inamsubiri. Lidia husema, "Asante, mwanangu." Avelina alimsihi aseme kweli. "Nitasema," Lidia akajibu. "Acha kwanza baba yako apone." Wote wawili walijua haponi.

Egidi alifariki kwenye baridi, mchana, akiwa ameketi. Tulimzika juu ya shamba.

Baada ya arobaini Lidia akajua kwamba sasa Placidi atakuja kumchukua. Hakuwa na mgonjwa tena wa kumsingizia. Akajiandaa. Alimwita Avelina kutoka Songea awe naye, akayapanga maneno yake, akayarudia akiwa anapalilia: mwanangu, hukukosea, ulinisikia vizuri, ni mimi niliyesema jambo ambalo lilikuwa limeshakwisha; nataka kufia hapa.

Placidi akaja, lakini alikuja kwa miguu. Alikaa kwenye kigoda cha baba yake, na kabla Lidia hajaanza, akaanza yeye. Kahawa ilikuwa imeanguka. Kampuni ilikuwa imefunga ofisi yake Mbinga na kuondoka. Pikapu haikuwa yake tena. Na nyumba ya Kihagara ameiuza kwa mfanyabiashara wa samaki, wiki iliyopita, kwa sababu hakuwa na njia nyingine.

"Nimekunyang'anya ziwa lako, mama," akasema. "Ulisubiri maisha yote, nikakupa, ukaliacha kwa ajili ya baba, na sasa ulipokuwa tayari kurudi, nimeliuza." Akainama akalia, mtu mwenye mvi zake.

Avelina alimtazama mama yake, akasubiri. Maneno yote yalikuwa yamepangwa. Lidia akamwekea mwanawe mkono kichwani. Akiyasema sasa, itakuwaje? Atakuwa amemwambia mtu aliyepoteza kila kitu kwamba hata lile jambo moja jema alilowahi kulifanya lilikuwa kosa. Kwamba wageni wale wote walidanganywa, na ule uso wake wa furaha barazani ulikuwa ukimtesa mama yake.

"Si kitu, mwanangu," akasema. "Nilikaa vya kutosha. Nililiona."

"Nikipata tena, nitakujengea nyingine. Nakuapia."

"Sawa, mwanangu. Kula kwanza."

Placidi amerudi kulima siku hizi, shamba lake linapakana na la mama yake, na hajaacha kuahidi kwamba kahawa ikipanda atajenga tena Kihagara. Lidia anaamka mapema, anachimba ngoro pamoja na wakwe zake, na kila msimu unapofunguliwa yeye ndiye wa kwanza kutuma mtu akaulize kahawa imesimamaje Mbinga. Akiambiwa bado iko chini, anashusha pumzi na kujifanyia ishara ya msalaba. Wakwe zake wanadhani anasikitika. Avelina peke yake anajua, nami aliniambia, kwamba mama yake anatubu, kwa sababu nusu ya moyo wake imefurahi, na watu wote wa mlima huu wanaitegemea kahawa hiyo.